Mbio, triathloni fupi au triathloni ndefu: mwanamichezo wa kanda ya kati apime nini kabla ya kuchagua

Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida, alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 na kuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Tangu siku ile, kijana wa Dodoma au Manyoni mwenye pumzi akisema anataka kuishi kwa michezo, nyumbani hawashtuki tena. Wanamwambia akimbie, na ushauri huo si mbaya hata kidogo.

Ila wapo wachache ambao swali lao haliishii hapo. Kuna binti aliyesoma shule yenye bwawa la kuogelea, akajikuta anawaacha wenzake majini na barabarani pia. Kuna kijana aliyenunua baiskeli ya mbio ya mtumba, sasa kila Jumapili anaitoa hadi Chamwino na kurudi. Kuna mtumishi wa serikali anayekimbia marathoni kila mwaka na ameanza kuangalia video za Ironman usiku. Wote watatu wanauliza jambo moja: triathloni inaweza kuwa kazi, au mtu abaki kwenye mbio?

Kwa asiyeufahamu, mchezo wenyewe uko hivi: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia. Saa ya mashindano haisimami hata unapofunga kamba za raba. Tatizo ni kwamba chini ya jina hilo moja zimo kazi mbili zisizofanana, kwa hiyo hapa nalinganisha njia tatu.

Ya kwanza ni mbio za barabarani, kuanzia kilomita 10 hadi marathoni.

Ya pili ni triathloni fupi, ile ya Olimpiki, iliyoingia kwenye michezo hiyo Sydney mwaka 2000: mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli, kilomita 10 za kukimbia. Toleo lake dogo, sprinti, ni nusu ya hapo.

Ya tatu ni triathloni ndefu. Ironman kamili ni kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli na marathoni nzima juu yake. Nusu Ironman ni 1.9, 90 na 21.1. Tangu 2024 kuna pia mfululizo wa T100, ambao ni kilomita 2, 80 na 18.

Vigezo nilivyotumia ni vitano: maji, baiskeli na barabara, pesa, nani anayeandikisha jina lako, na umri. Nimevipanga kwa uzito wake kwa mtu anayeishi hapa. Anayeishi Australia angeanza na pesa. Sisi tunaanza na maji.

Maji

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mito yake mingi ni ya msimu. Anayetaka maji ya wazi hana mengi ya kuchagua. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko. Bwawa la Hombolo liko karibu, lakini maji baridi yaliyotuama katika nchi yetu ni ya kuyaogopa kwa kichocho, na mtu anayezama humo kila asubuhi miezi kumi haogopi bure. Singida wana ziwa Singidani pale pale mjini, zuri la kupigia picha, ila maji yake ni ya chumvi na magadi; jaribu kuyameza kwa bahati mbaya uone. Kwa hiyo mazungumzo yanarudi kwenye mabwawa ya hoteli, ambayo mengi yalijengwa kwa ajili ya watoto na picha za harusi. Katika bwawa la mita 15, mita 1,500 ni kuvuka bwawa mara 100, yaani kwenda na kurudi mara 50, na kila ukutani unapumzika kidogo bila kukusudia. Siku ya mashindano ziwani hakuna ukuta.

Afueni iliyokuja ni treni. Tangu katikati ya 2024 SGR inakutoa Dodoma hadi Dar es Salaam kwa chini ya saa nne, na Dar kuna bahari na mabwawa ya kweli. Mtu mwenye ndugu wa kumlaza anaweza kufanya kambi ya siku tatu kila mwezi. Haitoshi kumtengeneza muogeleaji, lakini inatosha kumwonyesha amefikia wapi.

*Mbio.* Hazidai maji zaidi ya yale ya kunywa.

*Triathloni fupi.* Hapa maji ndiyo mlango, na wakimbiaji wengi hawaamini mpaka waelezwe sababu. Katika masafa ya Olimpiki inaruhusiwa kuendesha baiskeli mgongoni kwa mwenzako, ukijikinga upepo. Waliotoka majini pamoja huunda kundi, wanapokezana kukaa mbele, na kundi hilo linakwenda kasi ambayo mtu mmoja hawezi kuifikia peke yake kwa kilomita 40. Ukichelewa dakika moja kutoka majini, hujapoteza dakika moja. Umelipoteza kundi, na kila kilomita pengo linaongezeka. Tena sheria ni kali: anayeongoza akikupita kwa mzunguko mzima, unatolewa. Kilomita 10 ulizozitegemea huzifikii kabisa.

Mtazame Alex Yee wa Uingereza. Huyu alishakimbia mita 10,000 uwanjani kwa 27:51, na mwaka 2025 akajaribu marathoni yake ya kwanza London akamaliza kwa 2:11:08. Dhahabu yake ya Paris 2024 aliipata kwa kumpita Hayden Wilde wa New Zealand katika mita mia chache za mwisho. Watu wanaikumbuka miguu. Lakini miguu ile ilipata nafasi ya kufanya kazi kwa sababu majini hakuachwa mbali. Mwenye miguu kama yake anayejifunza kuogelea akiwa na miaka 19 hatafika mahali pa kuitumia.

*Triathloni ndefu.* Kujikinga upepo mgongoni kwa mwenzako ni kosa la kuadhibiwa. Unatakiwa uache nafasi ya mita 12 au zaidi kati yako na aliye mbele. Kwa hiyo dakika nne ulizopoteza majini zinabaki kuwa dakika nne, au karibu na hapo. Bingwa hutumia kama dakika 50 kuogelea katika mashindano yanayokaribia saa nane. Zilizobaki ni za baiskeli na miguu. Lionel Sanders wa Kanada alianza kama mkimbiaji, na kuogelea kumekuwa udhaifu wake unaojulikana na kila mtu, lakini amemaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa Ironman mara mbili, Hawaii 2017 na Utah Mei 2022. Katika masafa mafupi asingesikika. Hata hivyo huku nako kujua kuogelea vizuri ni lazima. Kinachosamehewa ni kutokuwa wa kwanza.

Baiskeli na barabara

Kwenye kigezo hiki kanda ya kati haina la kulalamikia. Barabara ya Singida imenyooka kilomita nyingi bila taa wala tuta la kila mita mia. Ya Kondoa inakupa vilima. Ya Iringa inashuka hadi Mtera, halafu kurudi ndiyo adhabu. Na barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma ina urefu wa kilomita 112.3. Masafa yote ya nusu Ironman ukiyajumlisha unapata 113. Sidhani kama wahandisi walikuwa na wanariadha akilini, lakini kipimo kimekaa vizuri.

Singida ina jambo la ziada, upepo. Mji ule uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo wake ni wa kudumu kiasi kwamba watu wamepanga miradi ya umeme wa upepo huko. Anayejifunza kulala juu ya baiskeli kwa saa nne upepo ukimpiga ubavuni hapati darasa kama lile bure mahali pengine.

Adui ni wawili. Wa kwanza ni mabasi na malori, na dawa yake ni kutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi kabla magari ya mikoani hayajajaa. Wa pili ni mbigiri. Mbegu ile hata ianguke vipi, mwiba mmoja hubaki unatazama juu, na baada ya mvua ukingo wa lami unakuwa umejaa. Fundi mmoja wa baiskeli wa mtaa wa Majengo huwaambia wateja wake: "Mwanangu, ukiukuta umezama usiung'oe hapo barabarani. Uache, endesha polepole mpaka ufike kwangu." Ana haki, kwa sababu mwiba wenyewe unaziba tundu lake, ukiuchomoa porini huna pampu, unarudi kwa miguu huku umebeba baiskeli begani. Tyubu mbili za akiba, kiraka na pampu ndogo si mapambo.

*Mbio.* Raba, basi. Raba zenye bamba la kaboni ni ghali, lakini mazoezi ya kila siku hayazihitaji. Jozi mbili za kawaida zinazopokezana zinatosha kuanzia. Upungufu wa Dodoma kwa mkimbiaji ni mwinuko: tuko mita kama 1,100, wakati Iten ya Kenya iko 2,400. Ndiyo maana wakimbiaji wetu wakubwa huishia kuweka kambi kaskazini.

*Triathloni fupi.* Inatumika baiskeli ya mbio ya kawaida, yenye usukani uliopinda chini. Za muda, zile za kulalia viwiko, haziruhusiwi. Hilo linapunguza gharama. Lakini ustadi unaotakiwa ni wa kwenda katikati ya watu hamsini, gurudumu lako sentimita chache nyuma ya la mwenzako, kona inakuja na hakuna anayegusa breki mapema. Ustadi huo huwezi kujifunzia peke yako kwenye barabara ya Kondoa. Unahitaji klabu, na waendesha baiskeli wa mbio mjini bado ni wa kuwatafuta mmoja mmoja.

*Triathloni ndefu.* Kinyume chake kabisa. Barabara ndefu na tupu ndilo darasa lenyewe, wenzako hawahitajiki. Ila baiskeli ya muda ya daraja la juu hufika dola 10,000 na kuzidi, bei ya gari la mtumba lililokwisha lipiwa ushuru. Ipo njia ya kuanza na baiskeli ya kawaida uliyofungia vishikio vya kulalia, nayo inakufikisha mbali kuliko wauzaji wanavyosema. Ukifika daraja la kulipwa, vifaa duni vinakugharimu dakika ambazo miguu haiwezi kuzirudisha.

Pesa

Swali ambalo ningemwomba kila kijana ajiulize si bingwa analipwa kiasi gani. Ajiulize: shilingi ya kwanza itaingia mwaka wa ngapi, na mpaka hapo nani ananilisha?

*Mbio.* Shilingi ya kwanza inaweza kuingia mwaka huu. NBC Dodoma Marathon iko nyumbani, Kilimanjaro Marathon iko Moshi, na katikati yake kuna mbio nyingi za mikoa zenye zawadi kwa washindi. Pia kuna ajira ya vyombo vya ulinzi: Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ. Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma na kushinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, naye alikuwa mwanajeshi. Mshahara mdogo wa kila mwezi, pa kulala na ruhusa ya kufanya mazoezi vimejenga wakimbiaji wetu kuliko zawadi za mashindano. Ukifika juu, fedha ni za maana: World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, ililipa dola 70,000 kwa dhahabu ya Tokyo, na mshindi wa marathoni ya Boston hupata 150,000.

Upande wa pili wa shilingi ni msongamano. Unashindana na Wakenya na Waethiopia wasiohesabika, na hapa nyumbani kuna Gabriel Geay mwenye marathoni ya 2:03:00 na Magdalena Shauri mwenye 2:18:41. Mwanaume mwenye 2:12 ni mkimbiaji hodari ambaye hakuna mratibu wa Ulaya atakayemtumia tiketi.

*Triathloni fupi.* Kwa miaka mitatu au minne ya mwanzo usitegemee zawadi. Wanaozigusa ni wachache wa mbele. Wanamichezo wa nchi zisizo na utamaduni wa mchezo huu huishi kwa ufadhili: wa Olympic Solidarity, mfuko wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, wa World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, wa chuo kikuu cha nje, au wa klabu ya Ufaransa au Ujerumani zinakofanyika ligi za timu. Klabu hizo huajiri wageni, na kwa kijana mwenye kiwango huko ndiko kwenye chakula cha uhakika. Lakini ili uonekane, lazima uwe umeshasafiri na kushindana, na tiketi ile ya kwanza ndiyo fumbo. Mara nyingi anayeifumbua ni mzazi.

*Triathloni ndefu.* Bingwa wa dunia wa Ironman hupata dola 125,000, na mshindi wa mashindano ya T100 dola 25,000. Wanawake na wanaume hulipwa sawa, jambo ambalo triathloni inastahili kusifiwa. Chini ya kumi bora, hata hivyo, maisha ni ya wadhamini na kazi za pembeni: kufundisha wengine, kutengeneza maudhui, kuuza nguo. Na kabla ya yote unatoa wewe. Ada ya kushiriki ni mamia ya dola. Baiskeli inasafiri kwenye sanduku lake kwa nauli yake. Hoteli, vyakula vya safarini, viza. Kwa mtu wa hapa, mashindano ya jina hilo yaliyo karibu ni nusu Ironman ya Rubavu, Rwanda, kando ya ziwa Kivu, iliyoanza 2022, ambako unaweza kufika hata kwa basi ukiwa na subira. Baada ya hapo ni Afrika Kusini, kwenye Ironman ya Nelson Mandela Bay.

Kwa maoni yangu, triathloni ndefu kwa Mtanzania leo haiwezi kuanza kama kazi. Inaanza kama matumizi, kisha kwa wachache mno inageuka kazi.

Nani anaandikisha jina lako

*Mbio.* Za ndani unajiandikisha mwenyewe. Za nje unapelekwa na meneja, na za taifa na Riadha Tanzania. Soma mkataba wa meneja kabla ya kusaini, hata kama amekuja na raba mpya mkononi.

*Triathloni fupi.* Huwezi kujiandikisha. Shirikisho la nchi yako ndilo linalokupeleka kwenye mashindano ya World Triathlon, na bila hayo hupati pointi za kufuzu. Kwa hiyo kabla ya kununua hata miwani ya kuogelea, nenda Baraza la Michezo la Taifa uulize nani anasimamia mchezo huu sasa na anaandikisha vipi. Jibu utakalolipata lina uzito kuliko kasi yako.

Ukishavuka hapo, bendera isiyozoeleka inageuka faida. Paris 2024 kulikuwa na nafasi 55 kwa wanaume na 55 kwa wanawake, na mfumo wa kufuzu huacha nafasi chache kwa mabara na kwa nchi zisizo na washiriki wengi. Waogeleaji wetu wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, walikwenda Paris kwa utaratibu wa aina hiyo katika mchezo wao. Afrika si mgeni jukwaani pia: Henri Schoeman wa Afrika Kusini alichukua shaba ya Rio 2016. Na Flora Duffy aliipatia Bermuda, kisiwa chenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi, dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Lakini usihesabu Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026: triathloni iliingia Manchester 2002, ila Glasgow wameiacha nje.

*Triathloni ndefu.* Unalipa, unaingia, kwa kundi la umri wako. Ukifikia kiwango unaomba leseni ya kulipwa, na hapo shirikisho linarudi mezani. Mpaka siku hiyo hakuna kamati ya kukuchuja.

Umri, mwili na saa za siku

Mkimbiaji wa marathoni wa daraja la juu hukimbia kilomita 160 hadi 200 kwa wiki, lakini ukihesabu kwa saa, hiyo ni kazi ya asubuhi na jioni na kulala katikati. Mtriathloni hufanya saa 20 hadi 30 kwa wiki. Majini hapondi magoti, kwenye baiskeli hapondi visigino, ndiyo maana mwili unabeba saa nyingi zaidi, na ndiyo maana wakimbiaji wanaoumia mara kwa mara huishia kuupenda mchezo huu. Chakula chake ni kingi mpaka nyumbani wananung'unika. Ugali wa uwele na mlenda vinafanya kazi nzuri jioni. Asubuhi kabla ya baiskeli vipishe chai, mkate na ndizi, kwa sababu tumbo lililojaa na kichwa kilichoinamia usukani havipatani.

*Mbio* zinampokea hata aliyeanza na miaka 20. *Triathloni fupi* ni ya vijana waliojua maji wakiwa watoto; kasi ya kilomita 10 baada ya baiskeli haisubiri. *Triathloni ndefu* ina subira ya ajabu. Mjerumani Jan Frodeno alichukua dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008, akahamia masafa marefu, akawa bingwa wa dunia wa Ironman 2015, 2016 na 2019, na akastaafu 2023 akiwa na miaka 42. Chrissie Wellington wa Uingereza alikuwa mtumishi wa serikali. Aliingia kwenye kulipwa mwaka 2007 akiwa na miaka 30, na mwaka huo huo akashinda Hawaii. Akarudia 2008, 2009 na 2011. Mji kama Dodoma, wenye watumishi wengi hivi, ungependa kumsikia huyo. Ongeza tu kwamba alikuwa ameogelea tangu utotoni.

Kila njia na mtu wake

Mbio zinamfaa asiye na mtaji, anayehitaji kipato mapema, mwenye moyo wa kushindana na watu wengi kwa silaha moja. Zinamchosha anayeumia kila msimu.

Triathloni fupi inamfaa kijana aliyekulia majini, mwenye mtu wa kumlipia miaka ya mwanzo, na mvumilivu wa ofisi za michezo. Haimfai mkimbiaji hodari anayedhani kuogelea ni kitu cha kujifunza wiki sita.

Triathloni ndefu inamfaa mtu mwenye kipato tayari, anayependa kuwa peke yake saa tano barabarani, na asiye na haraka.

Ukijikuta katika hali hizi

Una miaka 17, unakimbia kilomita 10 kwa dakika 31 na hujui kuogelea. Kimbia. Tafuta timu ya jeshi, magereza au polisi, na kambi ya kaskazini. Jifunze kuogelea pole pole kwa ajili ya kupumzisha miguu. Ukifika miaka 28 na magoti yakianza kulia, masafa marefu bado yatakuwapo.

Una miaka 14, unaogelea mita 400 mtindo huru chini ya dakika tano na nusu, na shuleni huachwi kwenye mbio. Wewe ni adimu hapa. Usiache kuogelea hata mwezi mmoja kwa ajili ya mbio za mkoa. Wazazi wako waanze mazungumzo na chama cha mchezo sasa, si utakapomaliza kidato cha nne, na likizo moja kwa mwaka iende Dar kwenye klabu yenye saa ya ukutani na kocha anayehesabu.

Una baiskeli, unaipenda, maji hutaki kuyasikia. Usijilazimishe. Kuna duathloni, kukimbia, baiskeli, kisha kukimbia tena, nayo ina mashindano yake ya dunia. Au baki mwendesha baiskeli kamili: Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza Afrika, na Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France 2024 pamoja na jezi ya kijani.

Unaumia kila mara ukifika kilomita 120 kwa wiki. Kabla ya kubadili mchezo, badili raba na punguza lami, pita njia za vumbi za Mkonze au Hombolo kwa miezi mitatu. Yakiendelea, siku mbili za mbio ziwe za baiskeli, uone mwili unasemaje.

Una miaka 33, unafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, una marathoni kadhaa miguuni na mshahara usiotikisika. Usiache kazi. Lenga nusu Ironman moja kwa baiskeli ya kawaida. Rubavu imekuwa ikifanyika Agosti. Ukianza bwawani Oktoba, mara tatu kwa wiki na mwalimu wa kukurekebisha mkono, una miezi kumi. Ukimaliza chini ya saa tano na nusu, hapo ndipo fungua hesabu ya baiskeli ya muda. Ukimaliza kwa saa saba, nunua tyubu za akiba na ujiandikishe tena.